Jumanne Ofisi Imefungwa

Malindi
Ijumaa, 6 Juni 2025

Kahonzi,

Marahaba nakupa mapema, maana najua shikamoo yako iko njiani. Habari za Kilifi? Sisi Malindi tupo, ila mvua imetuloweka mpaka mlango wa ofisi umevimba na haufunguki bila teke.

Naandika kwa mkono kama tulivyokubaliana ulipoondoka hapa mwezi wa pili kwenda kutufungulia tawi. Simu ni ya mambo ya leo: nani amekwama, nani hajafungua duka, nani anataka kukata tamaa. Mambo ya mwaka ujao hayaingii kwenye simu, ukiyaanza tu, simu nyingine inalia. Kwa hiyo Ijumaa ni barua, na gari la vifurushi la mchana linaibeba. Gitau, huyu anayesambaza unga, ananicheka eti kocha wa biashara anatuma barua kama mposaji wa zamani. Mwache acheke.

Sasa mambo yenyewe. Wale akina mama wa umoja wamerudi. Mwenyekiti wao, Bi Mumbua, amenipigia mwenyewe. Wanatafuta kocha wa vikundi vyao vyote vya wafanyabiashara wadogo, kuanzia Rabai mpaka kwenu Vitengeni, na wanataka mpango ulioandikwa: tutawafundishaje watu wengi hivyo bila kazi kuharibika? Tarehe nane Julai watatusikiliza hapo hapo Kilifi. Tusipowaridhisha, kuna kampuni ya Nairobi imeshakaa mkao wa kula. Kahonzi, hii ndiyo nafasi niliyoachia kazi ya benki. Na mpango sijauandika hata mstari.

Si uvivu, unanijua. Kabla hakujapambazuka nishashika simu, napigia wateja mmoja mmoja. Umeamka? Jana ulifanya nini? Leo utafanya nini tofauti? Lewa wa Gede, mwenye hoteli pale stendi, nisipompigia hata moto hawashi. Nikimaliza wa mwisho, wa kwanza ameshaanza kunipigia yeye. Mchana nazunguka madukani, jioni nafagia ofisi, nikikaa na kalamu nasinzia. Sauti imekwisha kabisa. Juzi nilimsalimu mchungaji akasogeza sikio, alidhani namwambia siri.

Nikiacha kuwapigia wataondoka, hilo nina hakika nalo. Wanakuja kwa Jedida kwa sababu ya simu ya Jedida.

Ndiyo maana nakutegemea wewe. Nimekuwa na wasaidizi, na hakuna aliyeweza kumwambia mtu mzima ukweli mchungu naye akaondoka anacheka. Wewe ulikuja hapa unauza nazi kwa mkokoteni, nikakufundisha, na sasa kuna siku nakusikiliza mimi ndiye najifunza. Sijawahi kukwambia hivi uso kwa uso, kwa hiyo soma mara mbili. Nataka kuwaambia umoja kwamba tuna tawi linalosimama bila mimi. Lazima basi liwe linasimama kweli. Niambie Kilifi iko vipi, na usinipambie.

Wako,
Jedida Thuku


Kilifi
Ijumaa, 13 Juni 2025

Mwalimu Jedida,

Shikamoo. Nasema tu ingawa marahaba ilinitangulia, mama yangu akisikia nimeandika barua bila shikamoo atanipiga marufuku nyumbani.

Ile sehemu uliyosema nisome mara mbili nimeisoma zaidi ya hapo. Nimemsomea na Easter, yule dada wa viazi karai anayeuza karibu na soko. Akaniuliza, "Huyo bosi wako ni mtu wa namna gani?" Nikamwambia ni mtu aliyenikuta nimekaa juu ya mkokoteni nalia kwa sababu nazi zimeoza, akanunua moja, akaniuliza kwa nini nauza nazi pale wanapouza wote. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali kama lile. Watu walikuwa wananiuliza bei tu.

Kilifi iko vizuri, mwalimu, sikupambii. Wateja hawapungui. Vivian wa saluni alikuwa anataka kufunga, sasa anatafuta chumba kikubwa zaidi. Easter mwenyewe anapeleka viazi kwenye shule siku za wiki, kitu ambacho mwezi wa tatu ungemtajia angekucheka. Asubuhi siwapigii wote kama wewe, sina kifua hicho. Lakini wanaendelea.

Uliponiuliza kwenye simu Jumanne ofisi inafunguliwa saa ngapi, mtandao ulikatika. Jumanne huwa niko nje na wateja.

Mama huko Vitengeni amewaambia kijiji kizima kwamba nina ofisi yenye jina langu mlangoni. Jina ni lako, lakini simrekebishi. Nikirudi sasa hivi na kusema ofisi imekufa, sijui nitapita njia gani.

Pole kwa sauti. Chemsha tangawizi, unywe, halafu unyamaze kidogo, ingawa najua hilo la mwisho ni gumu kwako.

Mwanafunzi wako,
Kahonzi Mwaringa


Malindi
Ijumaa, 20 Juni 2025

Kahonzi,

Sina maneno mengi leo.

Siku ya Jumanne, Gitau alikuwa Kilifi na unga wake. Nilimwomba apite ofisini akuletee zile karatasi za mafunzo. Akakuta kufuli. Akauliza majirani, wakamwambia Jumanne huwa imefungwa, kila Jumanne. Akaenda sokoni, akakukuta kwenye kibanda cha viazi, umejifunga leso kiunoni, unakaanga. Anasema ulikuwa unapokea wateja na jasho linakutoka, na mwenye kibanda hata hakuonekana.

Hakutaka kukusumbua, akarudi na karatasi zangu.

Ungeniambia, Kahonzi. Kama ninachokulipa hakitoshi, ungeniambia nikatafuta njia. Kama umechoka na ukocha, ungeniambia pia, nisingekuzuia. Lakini kuniandikia "niko nje na wateja" na huku umeajiriwa kukaanga viazi! Nimekusifu kwa kila mtu hapa mjini. Mchungaji anakujua kwa jina kwa sababu yangu.

Na tuseme hujaajiriwa, tuseme unamsaidia tu. Nilikufundisha nini siku ya kwanza? Kocha haingii jikoni kwa mteja. Ukimfanyia kazi yake leo, kesho atakungoja ufanye tena. Hilo ndilo neno moja katika kazi hii ambalo sitanii nalo.

Siwezi kusimama mbele ya Bi Mumbua nikasema nina tawi linalosimama. Mwisho wa mwezi nafunga Kilifi. Umoja nitawaambia hatuko tayari, waende na hao wa Nairobi. Wewe rudi hapa tukae tuzungumze, au rudi nyumbani, utakavyopenda mwenyewe.

Nimeandika na kufuta mara kadhaa, hii ndiyo yenye maneno ya adabu.

Jedida


Kilifi
Jumamosi, 21 Juni 2025

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Najua leo si Ijumaa. Nimemwomba dereva wa vifurushi mwenyewe akupe mkononi, na nimemwambia asiondoke mpaka uifungue.

Gitau aliona kweli. Nilikuwa nakaanga viazi, na leso ilikuwa yangu. Alichokosa kuona ni Easter alikuwa wapi. Alikuwa nyuma ya kibanda, amekalia ndoo iliyogeuzwa, anapanga mwaka ujao.

Nianze mwanzo. Kwetu Vitengeni mvua ikikaribia hakuna anayelima peke yake. Kuna mweria. Leo mnaingia nyote shamba la fulani, siku nyingine la jirani yake, mpaka mnazunguka mashamba yote, na mwenye shamba siku hiyo kazi yake ni kuwapikia. Nimelima hivyo tangu nikiwa mdogo na sikudhani kama ni elimu.

Nilipofika Kilifi nilifanya kila ulichonifundisha. Nilimwambia Easter wiki baada ya wiki aache kumenya viazi huku wateja wamepanga foleni. Ananiitikia, "Ndiyo kocha, nimeelewa kocha." Kesho namkuta ameinama na kisu. Nikimwambia akae chini tuongee habari za kukua, ananionyesha karai: nikikaa nani atageuza? Na alikuwa na haki. Wote walikuwa hivyo. Vivian hana nafasi ya kufikiri kwa sababu kuna kichwa cha mtu mikononi mwake. Wote wanataka kukua na hakuna mwenye nafasi hata ya kukaa.

Basi nikawaambia, jamani, tufanye mweria. Jumanne asubuhi kila mtu afunge kwake, tuingie kwa mmoja. Sisi tufanye kazi yake ya siku ile, yeye akae nyuma afikirie kesho. Mchana atupikie. Walicheka, halafu wakakubali.

Siku ya kwanza ilikuwa kwa Easter. Vivian akashika kisu, fundi cherehani akapokea oda, mimi nikasimama kwenye karai. Mwalimu, nilijiunguza, na kuna mzee alirudisha viazi vyangu akasema vinalia vikitafunwa. Lakini Easter aliketi mchana kwa mara ya kwanza tangu aanze biashara. Alikitazama kibanda chake kikiendeshwa na watu wengine. Akatazama mpaka machozi yakamtoka, akaniambia, "Kahonzi, kumbe mimi ndiye niliyeziba njia." Kesho yake alitafuta msichana wa kumenya, na wiki iliyofuata akaenda kuongea na mwalimu mkuu wa shule. Jumanne hii Gitau alipopita, mzunguko ulikuwa umerudi kwake tena.

Nilikuficha kwa sababu ya ile sheria ya jikoni. Niliogopa ukisikia utaniita nirudi, na umeniita. Nimekosa kukuficha, hilo nakubali na naomba radhi. Kwamba mweria ni kosa, hilo sikubali, mwalimu, hata ukinikasirikia.

Na kuna jambo nitasema ambalo mtoto wa adabu hangesema. Barua yako ya kwanza niliposoma habari za simu za alfajiri, na kufagia, na kalamu inayokuletea usingizi, nilimwona Easter na kisu chake. Unatufundisha sisi tusifanye hivyo, na unafundisha vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Lakini wewe mwenyewe nani amewahi kukushikia kazi ukakaa?

Jumanne ijayo zamu ni yako. Nimeshaongea nao, tunakuja Malindi sote. Kama bado unataka kufunga Kilifi, funga Jumatano.

Mwanafunzi wako anayekupenda,
Kahonzi


Malindi
Jumatatu, 23 Juni 2025

Kahonzi,

Msije.

Wateja wangu hawajazoea watu. Wakisikia sauti ngeni alfajiri watadhani nimekufa. Na huyo Easter simjui, Vivian simjui, siwezi kumpa mtu nisiyemjua simu yangu ya kazi.

Na kama mtakuja, mlango unapigwa teke upande wa chini, karibu na bawaba. Lewa anataka kuongeleshwa polepole. Mama wa samaki msimtaje mumewe. Sijui kupika kwa watu wengi, mtakula nitakachoweza.

Lakini msije.

Jedida


Malindi
Ijumaa, 27 Juni 2025

Kahonzi mwanangu,

Mlikuja, ulijua mtakuja, na mimi nilijua pia, ndiyo maana wali ulikuwa mwingi vile. Asanteni kwa kuumaliza ingawa uliungua chini. Vivian ana adabu sana, aliomba ukoko aongezewe.

Nataka nikuandikie kilichotokea chumba cha nyuma, kwa sababu wewe ulikuwa mbele na hukukiona.

Uliponifungia na kalamu na karatasi nilikaa nikisikiliza ukuta. Sikuandika chochote. Nilikuwa nangoja simu ya kwanza iharibike ili nitoke. Easter akampigia Lewa. Nikasema moyoni, haya, sasa Lewa atauliza, "Jedida yuko wapi?" Hakuuliza! Walisalimiana, halafu nikasikia Easter anacheka mpaka anakohoa. Kumbe Lewa alikuwa anamweleza jinsi mafuta yake ya kukaangia yanavyogeuka meusi kabla ya saa sita, na Easter akamwambia yake yalikuwa hivyo hivyo, alikuwa anatia viazi vikiwa na maji. Miaka yote naongea na Lewa kila asubuhi kuhusu mipango na sikuwahi kujua anapoteza mafuta. Hakuniambia kwa sababu mimi sikaangi.

Kahonzi, nitakwambia bila kuficha: niliona wivu. Nilitaka kutoka nikamnyang'anye simu. Nilisimama kabisa, nikashika kitasa. Walikuwa wanaongea na watu wangu, na watu wangu wanafurahi bila mimi. Niliona kama nimefutwa ubaoni. Nikakaa tena nikalia, na nililia kwa leso mdomoni msije mkanisikia.

Machozi yalipokwisha ndiyo nikaona kuna karatasi mbele yangu na hakuna anayeniita. Sikumbuki mara ya mwisho jambo hilo kutokea. Nikaanza kuandika. Ulipogonga mlango kuniambia moshi unatoka kwenye sufuria, mpango ulikuwa umefika mwisho.

Mpango wenyewe ni mweria wako. Sikuongeza mengi. Niliandika jinsi ya kuchagua watu wa mzunguko mmoja, nini mwenye zamu anaulizwa anapokaa nyuma, na kocha anakaa wapi. Ile sheria yangu ya jikoni nimeibadilisha. Kocha asiingie jikoni peke yake. Akiingia pamoja na wateja wengine, aingie. Nilikuwa na haki nusu, na nusu ile nyingine umenifundisha wewe, uliyekuja kwangu na mkokoteni. Nimejivunia wewe mpaka nimemwambia Gitau, naye ameona haya, anasema ukimwona umsamehe.

Kilifi haifungwi. Jumatano nilikaa nikitafuta sababu hata moja ya kuifunga, nikakosa.

Tarehe nane utakwenda wewe kwa Bi Mumbua.

Mwalimu wako,
Jedida


Kilifi
Jumatatu, 30 Juni 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, nikafika mwisho, nikakaa chini hapo hapo.

Siwezi. Mimi niliacha shule kidato cha pili. Wale wa Nairobi watakuja na mashine ya kutupa picha ukutani, na mimi nitakwenda na nini, kovu la mafuta ya karai? Bi Mumbua anataka kumwona Jedida Thuku, mji mzima unamjua Jedida Thuku. Ukisimama wewe tutapata. Nikisimama mimi nitatetemeka, nitasahau, na nafasi uliyoachia benki itapotea mikononi mwangu. Nitaishije na hilo?

Njoo, nakuomba. Nitakubebea mkoba.

Kahonzi


Malindi
Ijumaa, 4 Julai 2025

Kahonzi,

Siji.

Nikija watanitazama mimi, na wakinitazama mimi wataona mwanamke mmoja asiye na sauti anayedai anaweza kufundisha watu kutoka Rabai mpaka Vitengeni. Hata mimi nisingempa kazi. Umoja haukuuliza Jedida ni hodari kiasi gani. Uliuliza kazi itasimama vipi yeye akiwa hayupo.

Tena siku hiyo nina shughuli. Wateja wa Malindi nao wameanza mweria, Jumanne ya kwanza ni kwa Lewa, Gede, na nimeambiwa nifike mapema.

Kutetemeka tetemeka, hakuna aliyekukataza. Ulimwambia Easter ukweli, ukaniambia na mimi, na mimi natisha kuliko Bi Mumbua. Waeleze ulivyonieleza kwenye ile barua ya Jumamosi. Tukikosa, tutakosa mimi nawe, na Jumatano tutafungua ofisi kama kawaida. Sitakulaumu leo wala nikizeeka.

Jedida


Kilifi
Jumanne, 8 Julai 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Naandika hapa nje ya ukumbi, nimevua viatu, na mwandiko utanisamehe.

Wale wa Nairobi walitangulia. Sitawasema vibaya, walizungumza vizuri, na picha zilikuwa nzuri ukutani. Mkubwa wao alieleza kila kikundi kitapigiwa simu na kocha bingwa. Akina mama walipiga makofi.

Halafu mimi. Nilitetemeka kama nilivyokwambia. Mpango wako niliusambaza, nikaanza kuusoma, nikapotea mstari. Nikauweka chini nikawaeleza habari za Easter na ndoo yake tu. Walinisikiliza. Mmoja wa Rabai alisema kwao mweria upo, lakini haukuwahi kuingia sokoni.

Bi Mumbua alikuwa anaupekua mpango wetu. Ni mwanamke mkubwa, ana miwani ya kamba. Mwishowe akaniuliza, na hakuuliza kwa upole:

"Huyo Jedida Thuku ndiye niliyempigia simu. Mkutano kama huu, mwenyewe yuko wapi?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, nikasema ukweli.

"Yuko Gede, Bi Mumbua. Anaosha sufuria kwenye hoteli ya mteja. Mteja yuko nyuma anapanga mwaka ujao."

Kuna waliocheka. Yeye hakucheka.

"Na ofisi ya Malindi?"

"Imefungwa. Leo Jumanne."

"Na wateja wake wengine?"

"Wako hapo hapo Gede, wanamenya vitunguu."

Akavua miwani. Akanitazama mimi, akatazama mpango, akawageukia wenzake. Akasema, "Nimesimamia vikundi umri wangu wote, na nikilala na homa siku moja kila kitu kinalala." Halafu akamwambia katibu, "Andika tunaanza Rabai."

Mwalimu, tumepata. Nimetoka nje nikalia mbele ya askari wa mlangoni, naye akaniletea kiti, alidhani tumenyimwa.

Nilitaka sana uwepo uione sura yake alipovua ile miwani. Nilikuwa nakulaumu kidogo, hata. Sasa nimekaa hapa na nimeelewa kwamba ungekuwepo, asingeuliza.

Kahonzi wako